Wageni Waliojifagia

Mume wangu ni kinyozi, na mimi mwenyewe humwita Kinyozi, maana hata siku aliyokuja kwetu kuniposa alikuja na mkasi mfukoni kwa kusahau. Kiharusi kilipompitia, tulidhani ndiyo basi. Lakini Mungu si mchoyo. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, maneno yakarudi yote mpaka yale tusiyoyahitaji. Mkono wa kulia tu ndio uliobaki na mtetemeko. Ukiwa umelala juu ya goti unatulia kama mkono wa mtu yeyote, ila akinyanyua kitu, hata kijiko, unaanza kucheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga.

Duka lake la kunyolea akamwachia mpwa wake. Hilo alilimeza. Alichoshindwa kukimeza ni kula mbele ya watu. Sisi tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na yeye, tangu ujana wetu. Watoto wamezaliwa, wamekua, wamekwenda zao, na sahani ni ile ile, katikati yetu. Alipotoka hospitali akaniambia, "Changu nipakulie pembeni." Nikampakulia. Kesho yake akasema, "Ukishaweka, toka kidogo, ufunge mlango." Nikatoka, nikafunga. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mimi nakula jikoni na paka, yeye anakula chumbani na ukuta. Akimaliza anafuta meza, anafagia chini, anafungua mlango, na ukiingia hujui kama kuna mtu alikula humo.

Sikumlazimisha. Mimi ni mtu wa kungoja, hata wali wangu naupika kwa moto mdogo. Lakini kila nikikaa na sahani yangu peke yangu, chakula hakina ladha hata nikitia chumvi. Nikaacha kumwomba Mungu mambo mengi. Nikabaki na ombi moja, nile tena na mume wangu.

Sasa kitindamimba wetu, yule anayeuza simu, akaja siku moja na furaha imemjaa mashavuni. Amepandishwa cheo, na zawadi ya kwanza ameamua iwe yetu. Ametulipia hoteli, kulala Ijumaa na Jumamosi, katika ule mji ambao watu hutoka mbali kuja kuutazama.

"Mtatembea, mtapumzika, mtakula kwenye migahawa mizuri mizuri," akasema. "Mama, kazi yako iwe kula tu."

Kinyozi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Asante, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie." Na alimaanisha, namjua. Ila usiku ule alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Siku ya kuondoka mjukuu wangu wa kike akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "We mke mwenzangu, unampeleka wapi mume wangu?"

"Nampeleka fungate. Wewe baki na paka."

"Babu, ukirudi umenenepa nitajua umenisaliti!"

Babu akacheka, lakini kicheko kikaishia kwenye meno.

*

Tulifika jua bado kali. Hoteli ilikuwa ya ghorofa, imepakwa rangi ya maziwa, na binti wa mapokezi alitupokea kama tuliolelewa pamoja. Akatupa kadi ndogo, akasema ndiyo ufunguo. Kinyozi akaigeuza huku na huku.

"Hii nikiipoteza?"

"Tutakupa nyingine, babu."

"Kwa hiyo nyingine mnazo?"

"Ndiyo, zipo."

Akaninong'oneza kwenye lifti, "Umesikia? Ufunguo wa mlango wetu wanao wote."

Chumba kilikuwa kizuri mpaka nikaona haya. Shuka jeupe limevutwa halina hata mkunjo, na mito imepangwa kitandani kama tunatarajia wageni. Kinyozi akakaa ukingoni, kwa nusu ya makalio, asiharibu. Mimi nikaenda kufungua bomba la maji ya moto, nikalifunga, nikalifungua tena. Nikasema moyoni, ewe kitindamimba, ulivyonisumbua tumboni umeshanilipa.

Jioni tukashuka kwenye mgahawa wa hoteli. Meza zina vitambaa vyeupe, kila meza na ua lake. Watu wamejaa, wawili wawili, wanalishana, wanapigana picha. Mhudumu akaja, msichana mrefu mwenye sauti ya upole.

"Karibuni. Nikuleteeni nini?"

"Mimi chai tu, binti yangu," akasema Kinyozi. "Tumbo limejaa safari."

Mimi nikaagiza wali na kuku. Chai yake ikaja, ikafuka moshi, ikaacha kufuka, ikapoa. Hakuigusa. Mkono wake ulikuwa chini ya meza, ameubana kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyemkamata mwizi. Macho yake lakini yalikuwa kwenye kuku wangu. Nikala vijiko viwili, nikaweka kijiko chini. Nikamwambia yule msichana, "Nifungie, mama, nitamalizia juu."

Huko juu Kinyozi akavuta kiti dirishani, akanipa mgongo, akala. Mimi nikageukia ukuta, ndivyo ilivyo desturi yetu. Nikawa nasikia kijiko kikigonga kopo, ko, ko, ko.

"Unatazama nini huko ukutani?" akaniuliza, hajageuka.

"Natazama rangi."

"Nzuri?"

"Nzuri. Wamepaka vizuri."

Tukacheka kidogo, kila mtu na upande wake. Hata kwa kicheko kile nilishukuru. Lakini nilikuwa na njaa ambayo haikuwa ya tumbo.

*

Asubuhi nikashuka peke yangu kufuata chakula. Nikampandishia supu kwenye bakuli, na mkate. Nikamwekea kwenye kimeza cha kando ya kitanda, nikageukia ukuta wangu. Mara nikasikia, "Ah!"

Bakuli lilikuwa limepinduka. Supu yote kitandani, katikati kabisa, imetengeneza duara kubwa la manjano. Kinyozi amesimama, kijiko bado mkononi, na mkono unatetemeka ingawa hakuna tena cha kumwaga.

"Umeungua?" nikamuuliza.

"Tazama ilipomwagikia. Tazama! Watasema mzee kajikojolea."

"Supu haina harufu hiyo."

"Watu hawanusi, mama watoto. Watu wanaona tu."

Nikaona macho yake yamelowa, nami sikutaka ajue nimeona. Nikatandua shuka. Nikalipeleka bafuni, nikalifua kwa sabuni yao yenye harufu ya maua, nikalisuuza, nikalikamua mpaka vidole vikauma, nikalining'iniza dirishani penye jua na upepo. Kinyozi naye akakamata kazi. Mumjue vizuri mume wangu. Duka lake lote la miaka yote ile lilikuwa na sheria moja, mteja anayeingia asione nywele za aliyetoka. Ukiinuka tu kwenye kiti, anafagia. Anafuta kiti, anafuta kioo, anapuliza wembe. Basi alifagia chumba kile kwa mkono wa kushoto, na ufagio wenyewe aliuchukua kwenye kabati la ukumbini. Akafuta meza, akafuta vitasa, akafuta mpaka sinki. Akapiga magoti, akatazama chini ya kitanda.

"Kuna kitu?" nikamuuliza.

"Kulikuwa na unywele. Wako."

Shuka likakauka. Nikalikunja pembe kwa pembe, na foronya zote, na taulo zote, nikaviweka rundo moja safi mguuni pa kitanda. Nguo zetu nikazirudisha begini, maana mimi nguo zangu hazizagai kwenye nyumba ya watu. Begi je? Kinyozi akasema, "Mlango unaofunguliwa na kila mtu? Begi tunakwenda nalo." Na kadi tukaiacha mezani, katikati, tusije tukaipoteza njiani tukatia watu hasara.

Tulipotoka, mlango ukajifunga wenyewe. Tukaona tumefanya vizuri sana.

Tukatembea. Mji ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Barabara za mawe, maua kwenye madirisha, maduka ya kofia na picha, na kila hatua mgahawa. Meza zimetolewa mpaka nje, na ubao wenye picha za vyakula. Kinyozi begi begani, mimi mkoba mkononi, tukawa tunatazama wageni.

"Mtazame yule wa shati la mistari," akasema. "Kanyolewa na adui yake."

"Na yule?"

"Yule hakunyolewa. Yule aliumwa na panya."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa mgahawa akatuona tumesimama, akaja na tabasamu. "Karibuni ndani, mama, baba. Samaki wametoka jikoni sasa hivi."

Harufu ilikuwa inanivuta kwa kamba. Nikamtazama mume wangu. Akashika begi vizuri.

"Tumeshakula, asante."

Mbele tukapita mgahawa mwingine. "Tumeshakula." Na mwingine. "Tumeshiba, dada yangu, Mungu akubariki." Tukawa watu walioshiba kuliko wote mjini, na tumbo langu linanguruma mpaka naogopa wapita njia watasikia.

*

Mchana mkali tukarudi hotelini. Tukaomba kadi yetu mapokezi. Yule binti akabonyeza mashine yake, akakunja uso, akabonyeza tena.

"Babu, nyinyi si mmeondoka?"

"Tumeondoka, sasa tumerudi."

"Hapana, yaani mmeondoka kabisa. Chumba chenu kimeshapata watu wengine. Wameingia sasa hivi, ni maharusi."

Nikamwambia, "Mwanangu, sisi tumelipiwa mpaka kesho."

"Naona hapa, bibi. Naona. Subirini kidogo."

Akampigia simu mwanamke wa vyumba. Akashuka mama mmoja mnene, aproni ya bluu, anahema. Alipotuona akashika kifua.

"Ni nyinyi? Jamani nisameheni! Mimi nimeingia mle nikadhani nimekosea mlango. Hakuna begi. Hakuna kiatu. Kadi iko mezani, mashuka yamekunjwa kama ya dukani, sakafu inang'aa. Nimesafisha vyumba tangu sijaolewa, wageni wanaacha maganda, wanaacha soksi, mwingine aliacha meno yake. Lakini nyinyi! Hata unywele sikuukuta."

"Hata unywele?" akauliza Kinyozi, na nikaona kichwa kimeanza kumvimba.

"Hata mmoja, baba yangu! Ndiyo maana nikawapigia hawa mapokezi, nikawaambia, andikeni, chumba kile hamna mtu."

Kichwa kilichokuwa kimevimba kikanywea. Kinyozi akarudi nyuma, akakaa kwenye kochi la wageni, begi miguuni. Meneja akatokea, akaomba radhi mara nyingi. Akasema hoteli imejaa, ila jioni kuna watu wanaondoka, tutapewa chumba chao, kikubwa kuliko cha kwanza. Kwa sasa tukae mgahawani, tule chochote tutakacho, ni juu yao. Mimi nikaitikia, asante, asante, hakuna neno, kosa ni letu. Lakini masikio yangu yalikuwa kwa mume wangu. Alikuwa anasema peke yake, polepole.

"Hamna mtu."

Nikakaa karibu naye. "Usiwakasirikie. Mama wa watu hakukusudia."

"Sijakasirika. Kasema kweli." Akautazama mkono wake, umelala juu ya goti, umetulia. "Toka nitoke hospitali ndiyo kazi yangu. Nakula, nafuta. Nakula, nafuta. Nawatoa nje, nafunga mlango. Ukiingia hujui kama nilikuwemo. Sasa leo nimejifagia mpaka nje ya chumba."

"Tumejifagia wote," nikasema. "Foronya nilikunja mimi."

Akanitazama. Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikasema ole wangu, analia mbele za watu. Kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, akacheka mpaka begi likaanguka. Yule mama wa vyumba naye akaambukizwa, akacheka ameshika aproni. Mimi nikacheka na machozi yakanitoka, na sikujua ni machozi ya nini.

Alipotulia akajifuta uso, akauliza, "Umekula nini wewe leo?"

"Sijala."

"Asubuhi je?"

"Asubuhi nilikuwa nafua supu yako."

Nikaona ananitazama shingo, ananitazama mifupa hii ya mabega, kama vile alikuwa safarini na ndiyo kwanza anarudi. Kisha akasimama, akaacha begi pale pale.

"Twende," akasema.

Mgahawani kulikuwa na meza moja ya pembeni, nyuma ya nguzo, haionekani na mtu. Akaifikia, akashika kiti chake. Mimi nikawa namwomba Mungu kimoyomoyo, sitaki mengi, hata nyuma ya nguzo, Bwana, hata nyuma ya nguzo. Akakiachia kiti.

"Hapa pana joto," akasema. Akaenda kukaa dirishani.

Yule msichana mrefu wa jana akaja. "Karibuni tena. Babu, nikuletee chai?"

"Chai ya nini? Lete samaki. Lete wali. Lete na mchuzi. Sahani iwe moja, kubwa, na vijiko viwili."

"Sahani moja tu, babu?"

"Sisi tuna sahani moja. Muulize huyu."

Akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Sahani ikaja, pana kama sinia. Kinyozi akashusha pumzi. Akautoa mkono wa kulia kutoka chini ya meza, akauweka juu, hadharani, ukaanza kucheza. Akashika kijiko, akachota wali. Nusu ukafika mdomoni, nusu ukaanguka kwenye kitambaa cheupe. Akachota tena. Mchuzi ukamdondokea kifuani. Mimi nikachota upande wangu, nikatafuna, nikatazama samaki nisije nikamtazama yeye.

Meza ya jirani kulikuwa na mtoto mdogo amekaa na wazazi wake. Akasema kwa sauti ya kengele, "Mama, babu anamwaga!"

Mama yake akamfinya, uso umemwiva kwa aibu. Meza za karibu zikanyamaza. Nikaacha kutafuna.

Kinyozi akageuka, akamtazama mtoto. "Namwaga kweli," akasema. "Na bado sijamaliza. Wewe ulipoanza kula hukumwaga?"

Mtoto akafikiri. "Nilimwaga."

"Basi nipe muda."

Baba wa mtoto akacheka, na meza zikarudi kwenye mazungumzo yake. Mkono wangu nao, kwa mazoea, ukaenda kukusanya punje za wali pale kitambaani. Kinyozi akanigonga kidogo kwa ncha ya kijiko.

"Ziache. Ukizoa zote, na meza hii watawapa watu wengine."

"Unanipiga mbele ya watu?"

"Nakupiga kwa kijiko. Kula, samaki huyu nitamla peke yangu."

Nikala. Ndugu zangu, nilikula. Sijui kama samaki yule alikuwa mtamu au mpishi alikuwa wa kawaida, siwezi kuwa shahidi. Nilichojua ni kwamba kijiko chake kilikuwa kinagongana na changu katikati ya sahani, kama zamani, na kipande kizuri cha mgongo alikisogeza upande wangu, akajifanya hakukiona. Kikadondoka mara mbili njiani. Akakisukuma kwa kidole.

Nimshukuru nani nimwache nani? Nikamshukuru Mungu. Nikamshukuru kitindamimba wangu na cheo chake. Nikamshukuru yule mama mnene aliyetoa chumba chetu, na maharusi waliokipata, walale salama. Tulipomaliza, kitambaa kilikuwa kama uwanja wa kuku, na yule msichana akaja kuondoa vyombo. Kinyozi akamtazama usoni.

"Nimekuchafulia, binti yangu."

"Ndiyo kazi ya kitambaa, babu. Mmeshiba?"

"Mimi bado," akasema. "Una kitu gani kitamu?"

*

Jioni tukapewa chumba kipya. Tulilala kama mawe. Jumapili asubuhi nilikawia kidogo kujifunga kitambaa cha kichwa, maana kioo cha bafuni kilikuwa kikubwa na mimi nilitaka kujiona. Nilipotoka, Kinyozi hakuwepo. Nikaita, kimya. Nikakumbuka hospitali, nikashuka ngazi bila hata kuingoja lifti.

Nikamkuta mgahawani, meza ya dirishani. Shati limeshapata doa. Alikuwa anakula mayai na huku anamweleza yule mama wa vyumba namna ya kumkata nywele mwanawe asitoke ngazi ngazi, mkono unacheza, vipande vya yai vinaruka, na mama wa watu amesimama na ufagio anamsikiliza.

Akaniona. Akavuta kiti cha karibu naye kwa mguu.

"Umechelewa," akasema, mdomo umejaa. "Kaa ule, yanapoa."